USIFUNGUE KOPO KABLA YA KUULIZA

Somo hili ni la wanaume waliotibiwa saratani ya tezi dume. Ni la wake zao pia, na watoto wao, na majirani wanaowapenda. Linaeleza juu ya unga, vidonge na maji ya chupa yanayouzwa kwa jina la virutubisho vya nguvu.

Ukimaliza kusoma utaweza kueleza mambo matatu:
1. Kwa nini mwanaume aliyetibiwa saratani ya tezi dume hupungukiwa na nguvu.
2. Kwa nini virutubisho vya nguvu vinaweza kumdhuru.
3. Jinsi ya kurudisha nguvu kwa njia iliyo salama.

1. TEZI DUME NI NINI?

Tezi dume ni kiungo kidogo ndani ya mwili wa mwanaume. Kiko chini ya kibofu cha mkojo. Ukubwa wake ni kama ndimu ndogo. Njia ya mkojo hupita katikati yake. Kazi yake ni kutengeneza sehemu ya majimaji yanayobeba mbegu za kiume. Kila mwanaume anayo. Mwanamke hana.

Mwanaume akizeeka, tezi dume huweza kukua. Ikikua hubana njia ya mkojo. Mzee huamka usiku mara nyingi kwenda haja ndogo, na mkojo hutoka kidogo kidogo. Si kila tezi dume iliyokua ina saratani. Lakini baadhi zina saratani. Hospitali ndiyo inayoweza kutofautisha, kwa vipimo.

Kipimo kimoja ni cha damu. Kinaitwa PSA. Baada ya matibabu, daktari hupima PSA tena na tena. Ikiwa chini na kutulia, ni dalili njema. Ikianza kupanda, daktari hutafuta sababu. Kumbuka kipimo hiki, maana tutarudi kwake.

2. KWA NINI NGUVU HUPUNGUA?

Saratani ya tezi dume hutibiwa kwa njia kadhaa. Wengine hufanyiwa upasuaji. Wengine huchomwa kwa mionzi. Kwa Tanzania, matibabu ya mionzi hutolewa katika Taasisi ya Saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, na katika Hospitali ya Bugando, Mwanza, miongoni mwa nyingine. Wengine hupewa matibabu ya homoni, peke yake au pamoja na mionzi.

Homoni ni nini? Ni kama tarishi. Hutengenezwa mahali pamoja mwilini, husafiri kwa damu, na kupeleka maagizo mahali pengine. Homoni kubwa ya kiume inaitwa testosteroni. Sehemu kubwa ya homoni hiyo hutengenezwa na korodani. Ndiyo inayompa kijana ndevu, sauti nzito na misuli. Ndiyo pia inayochochea tezi dume kukua.

Mwaka 1941, daktari Charles Huggins na mwenzake, katika mji wa Chicago, Marekani, walionyesha jambo kubwa. Saratani ya tezi dume ikinyimwa homoni ya kiume, hunywea. Kwa kazi hiyo Huggins alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1966. Mpaka leo matibabu ya homoni yanafuata njia hiyo. Mgonjwa huchomwa sindano kila mwezi au kila baada ya miezi 3, ili korodani ziache kutengeneza homoni hiyo. Wengine hufanyiwa upasuaji mdogo wa korodani kwa kusudi hilo hilo.

Saratani hupata njaa. Lakini mwili wote nao husikia upungufu huo. Misuli hupungua. Mafuta huongezeka tumboni. Mifupa hupungua uzito na kuweza kuvunjika upesi. Joto humpanda mtu ghafla, akatoka jasho hata kwenye baridi. Uchovu huja bila kazi. Hamu ya tendo la ndoa hushuka.

Haya yote si uvivu, wala si kurogwa. Ni matokeo ya matibabu yanayofanya kazi yake.

Hapo ndipo mwenye kopo anapobisha hodi.

3. MZEE ATHUMANI NA KOPO

Tutumie mfano. Tuseme yuko mzee mmoja, jina lake Athumani. Ana miaka 67. Alitibiwa kwa mionzi, na sasa anachomwa sindano ya homoni kila baada ya miezi 3. Zamani alikuwa akilima ekari 2 za mahindi kwa jembe la mkono. Mwaka huu amelima robo ekari akaketi chini ya mti. Mpwa wake amekuja kutoka mjini na kopo kubwa jeusi lenye picha ya mtu mwenye misuli. Mkewe amesema kopo lisifunguliwe. Mzee amelichukua mpaka zahanati.

"Shikamoo mzee," alisema tabibu.

"Marahaba, mwanangu. Hujambo?"

"Sijambo. Karibu ukae. Leo si siku yako ya sindano."

"Si siku yangu. Nimeleta swali. Mama watoto amenizuia nisilifungue kopo hili mpaka wewe ulione. Mpwa wangu ndiye aliyelileta. Yeye hunyanyua vyuma, na kifua chake kimetanuka kweli. Kaniambia, Mjomba, koroga vijiko viwili kila asubuhi, utalima kama zamani."

Tabibu aligeuza kopo akasoma maandishi ya nyuma polepole. Kisha akauliza, "Mzee, ile sindano yako inafanya kazi gani?"

"Nilielezwa hospitali. Inazima homoni ya kiume ili saratani ipate njaa."

"Ndivyo. Sasa hapa pameandikwa kwamba unga huu huongeza homoni ya kiume. Niambie, mtu akiziba mfereji mchana ili magugu yakauke, na mwingine akaja usiku akauzibua, magugu yatakauka?"

"Hayatakauka. Tena yatastawi."

"Basi umejibu swali lako mwenyewe."

Mzee alinyamaza kidogo. Akasema, "Lakini mwanangu, wafanyabiashara nao ni waongo. Pengine hakuna homoni yoyote humu. Ni unga tu."

"Inawezekana kabisa," tabibu alijibu. "Ikiwa ni uongo, fedha zimepotea. Ikiwa ni kweli, matibabu yameharibika. Kwa vyovyote hupati faida. Na mimi kwa macho yangu siwezi kujua ni lipi kati ya hayo mawili."

Mzee akainamisha sauti. "Kuna jambo jingine. Mpwa wangu anasema kopo hili hurudisha pia mambo ya chumbani."

"Mzee wangu, hilo si jambo la aibu. Wanaume wengi waliotibiwa ugonjwa huu wanalo. Zipo njia za kusaidiwa hospitali, na ni vizuri uende pamoja na mama. Lakini wewe una kadi ya presha, na dawa za kificho hazipatani na presha. Nitakueleza."

Tabibu alimweleza. Nasi tujifunze hayo aliyoelezwa.

4. DAWA ILIYOITWA TUMAINI

Watu wengine husema, "Hii ni mitishamba tu, haina madhara." Kuna habari ya kweli kutoka Marekani inayofaa kujibu neno hilo.

Mnamo mwaka 1996 vidonge vilivyoitwa PC-SPES vilianza kuuzwa huko. Herufi mbili za kwanza zilisimama kwa saratani ya tezi dume. Neno la pili ni la Kilatini, maana yake ni tumaini. Karatasi ya chupa ilisema ndani mna mimea 8. Vidonge hivyo viliuzwa kama kirutubisho, si kama dawa. Kwa hiyo havikuhitaji kupita katika vipimo vikali ambavyo dawa hupitia.

Wagonjwa wengi wa saratani ya tezi dume walivinunua. Na tazama ajabu: kipimo cha PSA kilishuka kwa wengi wao. Wakafurahi. Hata madaktari wakaanza kuvichunguza kwa matumaini. Lakini baadhi ya waliovitumia walipata mabonge ya damu kwenye mishipa. Maziwa ya baadhi yao yakavimba kama ya msichana anayekua.

Maabara zilipochunguza vidonge hivyo, zilikuta vitu ambavyo havikuandikwa kwenye chupa. Zilikuta DES, yaani homoni ya kike iliyotengenezwa kiwandani. Homoni hiyo iliwahi kutumiwa na madaktari kutibu saratani ya tezi dume, na inajulikana kuleta mabonge ya damu. Zilikuta indomethasini, dawa ya maumivu. Zilikuta pia warfarini, dawa inayozuia damu kuganda. Ukitumia warfarini bila kupimwa, unaweza kutoka damu mpaka ukafa. Mwaka 2002 serikali ya Marekani iliwaonya watu waache kuvitumia, na vidonge vikaondolewa sokoni.

Tufikiri pamoja. Mgonjwa alidhani anatumia majani. Kumbe alikuwa akimeza dawa 3 za hospitali bila kipimo na bila daktari kujua. Daktari wake alipoona PSA imeshuka, hakujua kilichoishusha. Dereva akiharibiwa saa ya mafuta, ataona mafuta yapo, kisha gari litazimika porini.

Kwa hiyo ubaya wa kwanza wa kopo usilolijua ni huu: unaweza kudhurika. Na ubaya wa pili: linaweza kumpotosha daktari anayekulinda.

5. WANAUME WAWILI NA KIRUTUBISHO CHA MISULI

PC-SPES ilificha homoni ya kike. Je, makopo ya misuli huficha nini?

Mwaka 2008 madaktari wa Marekani waliandika habari za wanaume 2 waliopatikana na saratani kali ya tezi dume baada ya kutumia kirutubisho cha kuongeza nguvu na misuli. Kirutubisho hicho kilipopimwa maabara, kilikutwa na testosteroni ndani yake. Watu 2 ni wachache mno kuthibitisha kwamba kirutubisho ndicho kilicholeta ugonjwa. Lakini madaktari waliona ni lazima kutoa onyo, kwa sababu testosteroni ndiyo chakula cha saratani hii.

Nao si hao wawili tu walionunua wasichokijua. Tangu mwaka 2007 hadi 2016 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani iliorodhesha virutubisho 776 vilivyochanganywa dawa kwa siri. Vingi vilikuwa vya aina tatu:
- Vya nguvu za kiume. Hivi mara nyingi vilifichwa sildenafili, ambayo ni dawa ya hospitali.
- Vya kupunguza unene.
- Vya kujenga misuli. Hivi mara nyingi vilifichwa steroidi, yaani dawa zinazofanana na homoni ya kiume.

Marekani ina maabara nyingi na wakaguzi wengi. Hata hivyo vitu hivi vilifika madukani. Makopo mengine huvuka bahari. Huuzwa kwenye maduka ya mijini, kwenye simu, na kwenye mabasi. Wahenga walisema, "Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza."

6. VITAMINI NAZO ZINA KIASI CHAKE

Mtu atasema, "Basi nitaacha unga wa misuli. Nitameza vitamini tu. Vitamini haimdhuru mtu."

Vitamini ni vitu vizuri vilivyomo katika chakula. Mwili unavihitaji kwa kiasi kidogo. Lakini kidonge kinaweza kuwa na kiasi kikubwa kupita chakula cha siku nyingi.

Mwaka 2001 wataalamu wa Marekani na Kanada walianza uchunguzi mkubwa. Walitaka kujua kama vitamini E na madini yaitwayo seleniamu huzuia saratani ya tezi dume. Wanaume zaidi ya 35,000 walishiriki. Hawa hawakuwa wagonjwa. Wengine walimeza vitamini E kwa wingi, wengine seleniamu, wengine vyote viwili, na wengine vidonge visivyo na kitu.

Mwaka 2008 vidonge vilisimamishwa, kwa sababu havikuonyesha faida. Mwaka 2011 hesabu ilitolewa. Waliomeza vitamini E peke yake walipata saratani ya tezi dume zaidi kuliko waliomeza vidonge vitupu. Tofauti yake ilikuwa asilimia 17. Yaani, pale ambapo wanaume 100 wangepata ugonjwa, walipata 117.

Watu walitazamia kinga, wakapata kinyume chake. Funzo ni kwamba kitu kizuri kikizidi kipimo huweza kugeuka kuwa kibaya. Chumvi huunga mboga, lakini hakuna anayemimina kilo nzima katika sufuria.

Hatusemi vitamini zote ziachwe. Anayechomwa sindano za homoni huweza kuandikiwa kalsiamu na vitamini D kwa ajili ya mifupa. Akiandikiwa na daktari, ameze kama alivyoelezwa. Asiongeze, wala asipunguze.

7. VITU UNAVYOWEZA KUVIKUTA KWENYE KOPO

Jifunze kusoma maandishi ya nyuma ya kopo. Picha ya mbele ni ya kuuzia. Maandishi ya nyuma ndiyo ya kukuhusu. Kama yameandikwa kwa lugha usiyoijua, hiyo peke yake ni sababu ya kuuliza.

"Huongeza testosteroni" au "huinua homoni ya kiume." Usitumie. Kuna wachache ambao daktari bingwa huweza kuwapa homoni hiyo baada ya kupona, kwa vipimo na uangalizi. Uamuzi huo si wa muuza duka.

"DHEA." Hii ni homoni ambayo mwili huweza kuigeuza kuwa testosteroni. Usitumie.

"Hurudisha nguvu za kiume papo hapo." Huenda imefichwa sildenafili. Mwenye ugonjwa wa moyo anayetumia dawa za jamii ya naitreti akimeza sildenafili, presha yake inaweza kushuka ghafla akazimia au kufa. Anayemeza dawa za presha naye lazima amwone daktari kwanza.

"Kreatini." Hutumiwa na wanamichezo. Huweza kupandisha kipimo cha damu kinachoonyesha hali ya figo. Daktari asiyejua kwamba unaitumia anaweza kudhani figo zako zinaharibika. Mwenye ugonjwa wa figo asiitumie bila ruhusa.

"Dondoo la majani ya chai ya kijani" katika vidonge. Kikombe cha chai hakina neno. Lakini vidonge vyenye dondoo kali vimewahi kuharibu maini ya watu.

"Unga wa protini." Protini ni chakula cha kujenga mwili. Unga ulio safi, usiochanganywa kitu, si sumu. Hatari yake ni kwamba hujui kama ni safi. Na tena, protini hiyo hiyo unaweza kuipata jikoni kwako. Tuone hesabu yake.

8. HESABU YA JIKONI

Kipimo kimoja cha unga wa protini kwa kawaida hutoa gramu 20 hadi 25 za protini. Sasa tazama chakula chetu:

Kikombe 1 cha maharage yaliyopikwa: gramu 15 hivi.
Kikombe 1 cha maziwa: gramu 8 hivi.
Jumla: gramu 23 hivi.

Yai 1: gramu 6 hivi.
Mayai 2 na kikombe 1 cha maziwa: gramu 20 hivi.

Kwa hiyo maharage na maziwa hufanya kazi ya kijiko kikubwa cha kopo. Dagaa, samaki, kuku, karanga, choroko, kunde na njugu mawe navyo vina protini. Mchele na ugali peke yake havitoshi. Mwanaume anayerudisha misuli ale chakula cha kujenga mwili kila mlo, asingoje sikukuu. Ale pia mboga za majani na matunda. Apunguze mafuta na sukari, kwa maana matibabu ya homoni huongeza unene na hatari ya kisukari. Mwenye ugonjwa wa figo aulize kwanza kiasi cha protini kinachomfaa.

Jambo moja la kujiuliza: kopo moja lina bei gani? Na bei hiyo ingenunua maharage kilo ngapi na mayai trei ngapi? Fanya hesabu hiyo pamoja na mkeo.

9. MAZOEZI NDIYO YANAYOREJESHA MISULI

Protini ni kama matofali. Matofali hayajijengi yenyewe. Lazima awepo fundi. Fundi wa misuli ni mazoezi.

Zamani wagonjwa wa saratani waliambiwa wapumzike tu. Sasa tunajua kwamba mazoezi ya kiasi yanawafaa. Mwaka 2003 wataalamu wa Kanada walitoa habari za wanaume 155 waliokuwa katika matibabu ya homoni. Waliofanya mazoezi ya kunyanyua uzito mara 3 kwa wiki, kwa wiki 12, walipungukiwa na uchovu na kuongeza nguvu. Mwaka 2010 wataalamu wa Australia walitoa habari za wanaume wengine 57, nao wakiwa katika matibabu ya homoni. Waliofanya mazoezi mara 2 kwa wiki kwa wiki 12 waliongeza misuli, ingawa homoni yao ya kiume ilikuwa imezimwa.

Hilo ni jambo la kutia moyo. Maana yake ni kwamba misuli inaweza kurudi bila kuizibulia saratani mfereji.

Huhitaji vyuma vya mjini. Fanya hivi:

Kutembea. Anza na dakika 10 kwa siku. Ongeza kidogo kidogo mpaka ufike dakika 30, siku 5 kwa wiki. Tembea kwa mwendo unaokuwezesha kuzungumza lakini si kuimba.

Kuketi na kusimama. Keti kwenye kiti imara. Simama bila kushika kitu, kisha keti polepole. Rudia mara 8. Pumzika. Rudia tena.

Kusukuma ukuta. Simama mbele ya ukuta, weka viganja ukutani, kunja viwiko mpaka uso ukaribie ukuta, kisha jisukume nyuma. Rudia mara 8.

Kunyanyua chupa. Jaza maji chupa mbili za lita 1. Nyanyua kwa mikono yote miwili hadi mabegani. Rudia mara 8. Ukizoea, tumia chupa kubwa zaidi.

Kukaza misuli ya chini. Kaza misuli ile unayoitumia kuzuia mkojo. Hesabu mpaka 5, kisha legeza. Rudia mara 10. Zoezi hili huwasaidia waliofanyiwa upasuaji ambao mkojo unawatoka bila kutaka. Subiri kwanza mpira wa mkojo uondolewe.

Mazoezi ya kusimama, kusukuma na kunyanyua yafanye siku 2 au 3 kwa wiki, si mfululizo. Misuli inahitaji siku ya kupumzika.

Tahadhari. Muulize daktari kabla ya kuanza. Aliyefanyiwa upasuaji asinyanyue kitu kizito mpaka aruhusiwe. Aliyeambiwa kwamba saratani imefika kwenye mifupa asinyanyue uzito bila maelekezo, maana mfupa unaweza kuvunjika. Ukisikia maumivu ya kifua, kizunguzungu, au maumivu mapya ya mgongo, acha na uende hospitali. Miguu ikifa ganzi au kukosa nguvu ghafla, usingoje kesho.

Usitazamie nguvu kurudi kwa siku 3. Wale wa Kanada na Australia walifanya kwa wiki 12. Jembe pia lilichukua miaka kukujenga. Haba na haba hujaza kibaba.

10. MAMBO SITA YA KUKUMBUKA

1. Kopo lifike kliniki kabla ya kufika mdomoni. Chukua kopo lenyewe, si jina lake tu.
2. Usimfiche daktari. Kama umekwisha kutumia, sema ni kitu gani, kiasi gani na tangu lini. Daktari hakuulizi ili akugombeze. Anataka kuvielewa vipimo vyako.
3. Mitishamba nayo itaje. Jani ni dawa, na dawa hupambana na dawa.
4. Usiache sindano wala vidonge vya hospitali kwa sababu ya kopo.
5. Shuku kila kinachoahidi kuponya maradhi mengi kwa siku chache.
6. Ukipata mkojo mweusi, macho ya njano, kutokwa damu, mguu mmoja kuvimba, au pumzi kukatika baada ya kutumia kitu, acha kukitumia na uende hospitali na kopo lake.

Ukitilia shaka dawa yoyote katika Tanzania, toa taarifa kwa mganga wa zahanati au kwa Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, iitwayo TMDA. Taarifa yako inaweza kumwokoa mtu wa kijiji kingine.

Na kwa ndugu wa mgonjwa: mpwa aliyeleta kopo hakuwa mtu mbaya. Alimpenda mjomba wake. Lakini fedha ile ile ingeweza kununua trei za mayai, au kumlipa kibarua wa kulima ekari iliyobaki, au nauli ya kwenda kupima PSA. Ukitaka kumsaidia mgonjwa, muulize kwanza anahitaji nini.

MANENO MAPYA

Tezi dume: kiungo cha mwanaume kilichoko chini ya kibofu cha mkojo.
Homoni: kitu kinachotengenezwa mwilini na kupeleka maagizo kwa njia ya damu.
Testosteroni: homoni kubwa ya kiume.
Kirutubisho: kitu kinacholiwa au kunywewa kuongezea chakula.
Mionzi: miale isiyoonekana kwa macho inayotumiwa kuua saratani.
PSA: kipimo cha damu cha kuangalia hali ya tezi dume.
Steroidi za misuli: dawa zinazofanana na homoni ya kiume.

MASWALI

1. Sindano ya homoni hufanya nini kwa saratani ya tezi dume?
2. Tabibu alitoa mfano wa mfereji na magugu. Eleza maana yake kwa maneno yako.
3. Vidonge vya PC-SPES vilishusha PSA. Kwa nini jambo hilo halikuwa jema?
4. Uchunguzi ulioanza mwaka 2001 ulionyesha nini juu ya vitamini E?
5. Maharage kikombe 1 na mayai 2 hutoa gramu ngapi za protini?
6. Ni nani asinyanyue uzito kabla ya kumwona daktari?

KAZI YA KIKUNDI

Mwanakisomo mmoja alete kopo tupu, chupa au karatasi ya kirutubisho chochote kutoka nyumbani au dukani. Someni maandishi yake pamoja. Andikeni katika madaftari yenu: kimetengenezwa wapi, kina nini ndani, kinaahidi nini, na tarehe ya mwisho ya kutumiwa ni lini. Kisha mwalikeni mganga wa zahanati aje kujibu yale mliyoshindwa kuyaelewa.